Skrubu za Kijani

Pikipiki ya Ngassa ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa jiko la mama yake, Ushirombo, imefunikwa turubai la kuanikia mpunga. Kuku walikuwa wameizoea. Walipanda juu yake jioni na kushuka asubuhi, na vinyesi vyao vilikuwa vimechora mistari myeupe kwenye turubai. Hakuna aliyewafukuza. Tangu polisi walipoiachia na ndugu wakaileta kwa gari la mizigo kutoka Bugarama, hakuna mkono uliokuwa umeigusa, kwa sababu Mama Ngassa alisema isiguswe mpaka siku ya kumaliza matanga.

Siku hiyo ilikuwa imefika. Martina, mjane wa Ngassa, aliingia uani akiwa na binti yake Blessing mgongoni. Alikuwa amepakiwa na kaka yake, Athanas, fundi pikipiki, na huyo ndiye aliyekuwa aondoke naye baada ya chakula. Hawakuwa wanarudi Bugarama. Walikuwa wanakwenda Ngokolo, Shinyanga mjini, kwenye nyumba waliyoachiwa na wazazi wao, ambako Athanas alisema chumba cha Martina kimeshapigwa chokaa. Begi lake lilikuwa limefungwa nyuma ya pikipiki ya Athanas kwa mpira wa tyubu, na Athanas alimwambia asilifungue, wasije wakachelewa.

"Shikamoo mama," Martina alisema, akipiga goti mlangoni mwa jiko.

"Marahaba, Mama Blessing. Mlete huyo bibi yangu nimwone." Mama Ngassa, ambaye jina lake la ubatizo lilikuwa Paskazia, alimpokea mtoto akampakata. Athanas naye alipomwamkia, aliitikia huku macho yake yakiwa kwenye sufuria.

Ndivyo alivyokuwa akimwitikia tangu mazikoni. Martina alijua kwa nini, na kila alipoona vile moyo wake ulisimama upande wa kaka yake.

Athanas alijifunzia ufundi Ngokolo, chini ya kibanda cha mabati, kisha akawafuata wengine Bugarama, huko kwenye dhahabu. Huko pikipiki si ya kupeleka watu kanisani tu. Inabeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, hadi kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, na njia ni ya kupanda, yenye vumbi linalofika kifundoni. Waendesha pikipiki walitaka nguvu. Athanas akawa na dawa yake, na dawa hiyo aliiita kuwahisha moto.

Siku moja alimweleza Martina jinsi inavyofanyika. Ndani ya injini, upande wa kushoto, nyuma ya kava, kuna gurudumu la sumaku linalozunguka. Pembeni yake pana kidude kidogo, mafundi wanakiita pulsa. Sumaku ikikipita, kidude kinaiambia plagi itoe cheche. Kiwandani kimefungwa kwa skrubu mbili mahali pake, na mahali pale pamechaguliwa. Athanas alikuwa akichukua tupa nyembamba, anazirefusha tundu za zile skrubu, halafu anakisogeza kidude mbele kidogo kuilaki sumaku, ili cheche itoke mapema, pistoni ikiwa bado inapanda.

"Umewahi kutwanga na mwenzio kinu kimoja?" alimuuliza.

"Nimetwanga na mama miaka yote, wewe ukiwa unalala."

"Basi ni hivyo. Wa pili akiwahi kidogo, kazi inakwenda. Akizidi kuwahi, michi inagongana."

"Na wewe unajuaje umezidi?"

"Sikio," Athanas alisema, akacheka. "Wengine wana cheti, mimi nina sikio."

Akishamaliza, alikuwa na desturi nyingine iliyowachekesha watu. Alidondosha rangi ya kucha juu ya kila skrubu, ikazagaa kidogo pembeni, ikakauka. Huo ulikuwa muhuri wake. Mtu akija kufungua nyuma yake, rangi inapasuka, naye anajua. Rangi alichukua kwa Martina, tangu wakiwa Ngokolo, na siku zote ilikuwa nyekundu kwa sababu Martina hakupenda nyingine. Bugarama walimwita Fundi Saluni. Hakukasirika. Jina lilimletea wateja.

Pikipiki ya kwanza kuwahishwa moto pale Bugarama ilikuwa ya shemeji yake. Ngassa hakuwa mtu wa mbio. Alikuwa mrefu, mpole, mwoga wa vyuma. Alikuwa akiiosha pikipiki yake huku anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti iliyopotea njia, na ikiharibika hata waya wa klachi alimwita Athanas. Lakini pikipiki ile ilipoanza kuruka kama ndama aliyefunguliwa, alifurahi. Na watu wakaiona.

Sehemu hizo, mavuno yakiisha, watu hushindana. Ngoma mbili husimama uwanja mmoja, kila moja na watu wake na dawa zake, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi. Mafundi wa Bugarama waliipokea desturi hiyo wakaitia kwenye pikipiki. Kila msimu vijiwe viwili vilikutana kwenye mteremko wa karasha, kila kijiwe kikaleta pikipiki moja iliyosheheni viroba, na watu wakasimama upande wa yule waliyemtaka. Kijiwe cha Athanas kilikuwa na pikipiki ya Ngassa. Cha pili kilikuwa cha Sabiti, aliyejifunza ufundi pamoja na Athanas kibanda kimoja, na ambaye Athanas hakuweza kumtaja bila kutema mate pembeni.

Msimu huo, kabla ya mashindano, pikipiki ilimpiga Ngassa. Alikanyaga kiki asubuhi, injini ikarudi nyuma kwa nguvu, kiki ikamrushia mguu. Kifundo kikavimba kama kiazi. Tena akipanda kilima aliisikia ikilia ndani, mlio wa misumari inayotikiswa kwenye kopo.

Martina ndiye aliyekwenda kijiweni. Ngassa asingeweza kumwambia shemeji yake kwamba kazi yake ina kasoro.

"Kaka, irudishe."

"Irudi wapi?"

"Kama ilivyotoka kiwandani. Mguu wa baba Blessing umevimba. Simtaki mshindi, namtaka mzima."

Athanas alifuta mikono kwa tambara, polepole, kidole kimoja kimoja. "Mashindano ni wiki ijayo, mdogo wangu."

"Kashindane na pikipiki yako."

Mafundi wenzake wakaguna na kucheka. Mmoja akasema, "Fundi Saluni, bosi wako kaja." Athanas naye akacheka, akasema sawa, kesho atakuja kuichukua, atairudisha.

Kesho yake alipokuja kuichukua, akaomba rangi. Nyekundu ilikuwa imekauka chupani. Martina alikuwa na chupa nyingine, ya kijani, aliyoinunua Kahama ifanane na kitenge chake cha ubatizo wa Blessing. Ilikuwa haijafunguliwa hata kifuniko. Alisita, kisha akampa.

"Usiimalize. Ni ya Jumapili."

"Skrubu mbili tu. Utapaka mpaka vidole vya miguu."

Jioni Athanas aliirudisha pikipiki akiwa anaiendesha mwenyewe. "Imerudi kama siku iliyotoka kwenye boksi," alisema. "Naapa kwa kaburi la mama." Kisha akamwambia Ngassa asipige kiki mpaka mguu upone, awashe kwa swichi. Na akisikia mlio mlio asiogope, injini ikirudishwa huwa inanung'unika kidogo mpaka izoee. Martina alipouliza rangi yake, alijishika kichwa. "Imemwagika yote kwenye mchanga. Nitakununulia nyingine."

Basi Jumapili Martina alikwenda kanisani na kitenge kipya na kucha tupu. Mama Ngassa, aliyekuwa amekuja kutoka Ushirombo kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu, alimshika mkono mlangoni akaugeuza huku na huku. "Gauni la harusi, mikono ya kung'olea mihogo," alisema, na wanawake wote waliokuwa karibu wakacheka, naye Martina akacheka. Ngassa alicheka kuliko wote. Siku nzima alimwita Mama Mihogo.

Wiki iliyofuata Ngassa alishinda kwenye mteremko wa karasha. Watu walimbeba Athanas juu juu. Ngassa alirudi nyumbani akisema pikipiki inavuta kuliko mwanzo, naye Athanas alipoulizwa akasema ni kwa sababu ameosha kabureta.

Siku chache baadaye, kwenye barabara ya kwenda Kahama, injini ilikamata ghafla. Gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Nyuma yake kulikuwa na lori.

Msibani wazee waliuliza, kama wazee wanavyouliza. Athanas alisimama akiwa amevua kofia. Alisema yeye aliirudisha injini, dada yake shahidi. Alisema baada ya ubatizo tupa yake ilipotea kijiweni, na anayemshuku kuichukua, Mungu amsamehe, ni marehemu mwenyewe. Alitaka ushindi. Alifungua, akauwahisha moto kwa mkono usiojua, ukazidi. Athanas alilia wakati akisema hayo, na wengi walilia pamoja naye.

Mama Ngassa hakulia. Alimwita Martina nyuma ya nyumba. "Mwanangu alikuwa hawezi kufungua hata jiko la mchina kubadilisha utambi," alisema. "Wewe ulikuwa unalala naye. Ulimwona akifungua hicho kitu?"

"Sikumwona, mama," Martina alijibu. "Lakini kaka yangu hasemi uongo."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema, na akayaamini. Na kwa kuwa aliyaamini, kilimwingia kitu ambacho hakumwambia mtu. Alimkasirikia Ngassa. Yeye amwambie kaka airudishe, Ngassa akubali, halafu ajifiche na tupa kwa ajili ya makofi ya wapakia viroba. Kamwacha yeye na mtoto kwa ajili ya hilo. Siku ya maziko alilia kidogo kuliko mjane anavyotakiwa kulia, na watu waliona. Usiku alipomwota, alimgeuzia mgongo.

Sasa, siku ya kumaliza matanga, walikaa uani kwenye mikeka na viti vya kuazima. Mzee Deusdedit, baba mdogo wa marehemu, ndiye aliyeongoza. Nguo ziligawanywa. Koti lilikwenda kwa mjomba, viatu kwa binamu ambaye havikumwenea lakini akasema ataviingiza tu. Hapo watu walicheka kidogo, kicheko cha kwanza siku hiyo.

"Imebaki pikipiki," Mzee Deusdedit alisema. "Hii tulisema ni ya Enock, aitengeneze, afanyie kazi, amsaidie mama yake na mtoto wa kaka yake."

Enock, mdogo wa marehemu, aliinamisha kichwa kushukuru. "Wabeja, baba."

Athanas akanyoosha mkono. "Wazee wangu, naomba nafasi. Pikipiki ile injini yake imekufa. Mtamtwisha kijana mzigo. Nipeni mimi niipeleke Ngokolo, nami nitamletea Enock nyingine inayotembea. Iwe mchango wangu kwa shemeji yangu."

Watu uani wakatazamana, wakilipima neno jema. Martina alimtazama kaka yake kwa shukrani. Baada ya yote waliyomnung'unikia, bado anatoa.

"Hapana," alisema Mama Ngassa.

"Mama, pikipiki nzima kwa pikipiki mbovu?" Mzee Deusdedit aliuliza.

"Itatolewa ikishafunguliwa. Ifunguliwe hapa, niione. Enock, fundi yuko wapi?"

Enock alikuwa ameshamwita. Fundi mwenyewe alikuwa Abdulhalim, mtu wa makamo mwenye kibanda karibu na soko la Ushirombo, ambaye babu yake alifika huko na wafanyabiashara wa chumvi. Alikuja na spana zake zimefungwa kwenye gunia. Aliwasalimu wote, akaliondoa turubai, akasimama akiangalia vinyesi vya kuku.

"Hawa nao wapewe fungu lao," alisema. "Ndio walioitunza."

"Fundi, mimi ningekusaidia," Athanas alisema akiinuka. "Injini hii naijua."

"Kaa, bwana. Msibani mgeni hashiki jembe."

Alichuchumaa. Kwanza alitoa plagi. Akaigeuza kwenye mwanga, akampa Enock. Ncha yake ilikuwa imeliwa kama mshumaa. "Hii imepikwa," alisema. "Humo ndani pistoni itakuwa imeyeyuka. Pikipiki hii moto wake ulikuwa unawahi mno."

"Hilo tulishalijua," Athanas alisema. "Marehemu aliuwahisha mwenyewe."

Abdulhalim alichukua spana nyingine. Alihamia upande wa kushoto, akalegeza kava. Lilikuwa limekwama kwa matope ya siku ile. Akaligonga kwa mpini wa nyundo, taratibu, mpaka likaachia. Akalivuta, akalifuta ndani kwa shati kuukuu, na watu wakasogea. Martina alikuwa amekaa karibu kuliko wengine, kwa kuwa mjane hukaa mbele.

Aliiona kabla fundi hajasema neno.

Tundu za skrubu zilikuwa zimerefushwa kama alivyoelezwa, mifereji miwili midogo. Katikati ya mifereji, kwenye chuma, kulikuwa na mabaki ya rangi nyekundu, duara mbili zilizofifia, mahali skrubu zilipokuwa zimekaa mwanzo. Lakini skrubu hazikuwa hapo tena. Hazikuwa zimerudi nyuma mahali pa kiwandani. Zilikuwa zimesogezwa mbele mpaka mwisho wa mifereji, pasipobaki hata nafasi ya kucha. Na juu yake, mazima, yakimeremeta baada ya kufutwa, yalikuwa yamekaa matone mawili ya kijani.

"Aliyefanya hivi alitaka makuu," Abdulhalim alisema. "Mara ya kwanza alisogeza nusu, hapa penye nyekundu. Mara ya pili akasukuma mpaka ukingoni. Na rangi haijapasuka. Aliyepaka hii kijani ndiye mtu wa mwisho kugusa."

Mama Ngassa alikuwa amesimama, Blessing mkononi. "Rangi ya nini hiyo?"

"Ya kucha, mama."

Watu wote waliokuwa wakijua jina la Fundi Saluni wakageuka. Athanas hakubabaika. Alikuja mbele, akainama, akatazama kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

"Ndiyo, muhuri wangu huo," alisema. "Aliuiga. Alikuwa ananitazama nikipaka, si alikuwa shemeji yangu? Alisukuma, halafu akapaka ili nikifungua nisijue. Rangi alikuwa nazo nyumbani, za mke wake." Akamgeukia Martina. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile aliyokuwa akiitumia utotoni alipotaka amsitiri kwa baba. "Waambie, mdogo wangu. Si ulikuwa na rangi nyumbani?"

Martina alitazama yale matone mawili. Kwanza hakuwaza kuhusu kifo. Aliwaza kuhusu chupa, jinsi alivyoishika juani dukani Kahama akiifananisha na kitenge, na jinsi alivyosita kabla ya kumpa. Kisha akaiwaza safari. Begi lake lilikuwa pale nje limefungwa kwa mpira. Chumba Ngokolo kilikuwa kimepigwa chokaa. Akisema ndiyo, nilikuwa na rangi nyumbani, halitakuwa neno la uongo. Nyekundu alikuwa nayo miaka yote. Wazee watatikisa vichwa, kava litarudishwa, naye ataondoka na mtu pekee wa tumbo moja aliyebaki naye duniani. Na Ngassa atabaki kama alivyo, mjinga aliyejiua kwa tupa ya kuiba.

"Mama Blessing," Mzee Deusdedit alisema. "Umeulizwa."

"Nilikuwa na rangi nyumbani," Martina alisema. Athanas akashusha pumzi. "Nyekundu. Ya kijani nilikuwa na chupa moja, na sikuwahi kuifungua. Nilimpa kaka siku aliyoichukua pikipiki ili airudishe kama ilivyotoka kiwandani. Aliporudi aliniambia imemwagika. Chupa ile haikurudi kwangu. Baba Blessing hakuwahi kuishika."

Jogoo mmoja alipita katikati ya mikeka.

"Ubatizo," alisema Mama Ngassa.

"Ndiyo, mama."

"Ulikuja na kucha tupu. Nilikushika mkono mimi mwenyewe."

"Ndiyo, mama. Ndiyo sababu."

Mama Ngassa alimpa Enock mtoto. Alitembea mpaka kwenye pikipiki, akainama kwa shida, akaweka kidole juu ya skrubu moja kama anayegusa paji la uso la mgonjwa. Kisha akasimama akawatazama watu waliokuwa uani, mmoja mmoja, wale waliokuja msibani na kurudi kwao wakimsema marehemu. "Mwanangu hakugusa," alisema. "Mmesikia? Hakugusa."

"Tumesikia, mayu," Mzee Deusdedit alijibu, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

Athanas alikuwa bado amesimama mahali pale pale. Upole ulikuwa umemtoka usoni na hapakuwa na kitu kingine kilichoingia. "Nilitaka siku ile tu," alisema. Hakuwa anawaambia wazee. Alikuwa anamwambia Martina. "Sabiti alishaambiwa kwamba narudisha. Ulikuja kuniambia mbele ya kijiwe kizima. Ningesimamaje pale na pikipiki ya kiwandani? Ningeirudisha baada ya mashindano. Naapa."

"Kwa kaburi la nani?" Martina aliuliza.

Athanas aliitazama pikipiki.

"Baba Blessing ulimwambia asiogope ule mlio. Alikuuliza kwa nini inavuta. Ukamwambia umeosha kabureta."

"Martina."

"Ile unaweza kusema ni ujinga. Ulitaka kushinda." Alikuwa akizungumza polepole kwa sababu alikuwa akiyaona maneno yenyewe kwa mara ya kwanza. "Lakini baada ya pale ulikuwa unakuja kwangu. Unakula kwangu. Unanisikiliza nikimlaumu. Ulinifanya nimkasirikie mtu aliye kaburini, kaka, na ukaniacha niendelee."

Athanas akasema alichokuwa nacho. "Twende nyumbani. Tutayazungumza nyumbani."

Martina aliinuka. Watu wakampisha, wakidhani anakwenda. Alitoka hadi ilipokuwa pikipiki ya Athanas, akaanza kuufungua mpira wa tyubu. Fundo lilikuwa gumu. Athanas alikuwa mtu wa kufunga vitu visifunguke. Alilivuta kwa vidole, likagoma, akauma kwa meno, likaachia kidogo, kisha likaachia lote. Kaka yake alisimama nyuma yake na hakumsaidia wala hakumzuia. Alilishusha begi, akalibeba kichwani, akapita mbele yake bila kumgusa, akalirudisha uani.

Baada ya muda walisikia pikipiki ikiwaka. Iliwaka kwa mkupuo mmoja, kwa sauti safi. Yake alikuwa ameiacha kama ilivyotoka kiwandani. Abdulhalim aliinua kichwa akaisikiliza mpaka ikapotea kwenye barabara kubwa, kisha akarudi kwenye spana zake.

"Hii nikishabadilisha pistoni, pulsa niirudishe nyuma kabisa?" alimuuliza Enock.

"Nyuma kabisa. Mpaka ilipotoka."

Watu walianza kuaga. Wengine walimpa Martina mkono, wengine walipita mbali kidogo, hawajui wampe pole ya nini. Jioni walibaki wenye nyumba. Martina aliosha sufuria za watu waliokula, zote, peke yake, na hakuna aliyemwambia aache. Alipomaliza aliingia jikoni. Mama Ngassa alikuwa amekaa kwenye kigoda, Blessing amelala mapajani.

"Uliniambia kaka yako hasemi uongo," Mama Ngassa alisema.

"Nilikuambia, mama."

"Nilikuchukia kwa neno lile."

"Najua."

Nje, kuku walikuwa wamekuja kulala. Waliizunguka pikipiki iliyovuliwa turubai, wakainua shingo, wakarudi nyuma, hawajui wapande wapi.

"Begi lako liko wapi?"

"Liko mlangoni."

"Litanyeshewa. Liingize." Kisha, Martina alipokuwa amelileta na kusimama nalo, alisogea kwenye kigoda akamwachia nafasi ukutani. "Kaa. Enzi zenu kule Bugarama mimi sikuziona. Nilikuja ubatizo tu. Asubuhi mwanangu alikuwa anaanzaje?"

Martina alikaa. "Alikuwa anaiosha kwanza," alisema. "Kabla ya chai. Huku anaimba."

"Anaimba nini?"

"Za kanisani. Lakini, mama, alikuwa anakosea. Anaanza juu, hafiki, anashuka katikati kama mtu aliyeteleza. Majirani walikuwa wanafunga madirisha."

Mama Ngassa alicheka, na kicheko kilimwishia vibaya. Martina alitaka kuendelea, kumwambia wimbo wenyewe ulikuwa upi. Alianza kuuimba kwa sauti ndogo ili asimwamshe mtoto, vile vile kama Ngassa alivyokuwa akiuimba, kwa makosa yale yale. Alipofika pale pa kuteleza hakuweza kupanda tena. Ndipo alipolia kilio ambacho hakulia mazikoni, na Mama Ngassa hakumnyamazisha.